Marufuku iliyopunguza ulevi, kisha ikaipokonya serikali rungu

Kila mjadala wa pombe unapopamba moto, iwe bungeni, kanisani, msikitini au kwenye kurasa za magazeti, mfano wa Marekani haukosi kutajwa, na hutajwa kwa sentensi moja: walipiga marufuku, wakashindwa, wakairudisha. Sentensi hiyo ina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ni mshauri mbaya kwa nchi inayotunga sheria. Kuanzia tarehe 17 Januari 1920 hadi 5 Desemba 1933, kwa karibu miaka 14, Katiba ya Marekani ilikataza kutengeneza, kuuza, kusafirisha, kuagiza na kupeleka nje pombe ya kunywa. Marekebisho ya 18 yaliyoleta katazo hilo ndiyo pekee katika historia ya Katiba hiyo yaliyowahi kufutwa, na kufutwa huko ndiko kunakowafanya wengi waamini kwamba hapakuwa na lolote jema ndani yake. Anayezipitia takwimu za miaka ile kwa utulivu hukutana na jambo gumu zaidi kulimeza: marufuku ilifanikiwa kupunguza unywaji, na pamoja na hayo ilistahili kufutwa. Kauli hizo mbili hazigombani. Faida za marufuku zilitokana na mambo ambayo sheria ya kawaida ya pombe ingeweza kuyaleta, ilhali hasara zake kubwa zilizaliwa na marufuku yenyewe. Hilo ndilo somo ambalo nchi zetu za Afrika Mashariki hazijalizingatia vya kutosha.

Kilio kilichozaa sheria

Ni rahisi leo kuwacheka waliopigania marufuku na kuwaona washupavu wa dini waliotaka kuwanyima wenzao raha. Haki inatudai tuanze na kilio chao. Kufikia mwaka 1830 Mmarekani mtu mzima alikuwa akinywa kwa wastani galoni 7 hivi za kilevi halisi kwa mwaka, yaani zaidi ya lita 26, kiasi ambacho ni takriban mara tatu ya kinachonywewa huko siku hizi. Katika zama ambazo mke hakuwa na sauti juu ya mali ya nyumba wala kura ya kupiga, mume aliyemaliza mshahara baa siku ya malipo aliiacha familia yake bila chakula na bila pa kushtaki. Ndiyo maana wanawake walikuwa mstari wa mbele. Umoja wa Wanawake Wakristo wa Kupinga Ulevi ulianzishwa mwaka 1874, na chini ya Frances Willard ukaunganisha vita dhidi ya pombe na madai ya haki ya kupiga kura. Mwaka 1893, huko Oberlin, Ohio, ikaanzishwa Ligi ya Kupinga Baa, ambayo mpanga mikakati wake mashuhuri, Wayne Wheeler, aliwafunza wanasiasa kuogopa kura za wapinga pombe kuliko fedha za watengeneza pombe.

Sheria ya taifa haikushuka kutoka mbinguni. Jimbo la Maine lilipiga marufuku pombe mwaka 1851, na kufikia mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza zaidi ya nusu ya majimbo 48 ya wakati ule yalikuwa na marufuku yake yenyewe. Mambo mawili yaliisukuma hoja hadi kwenye Katiba. La kwanza ni kodi ya mapato, iliyoruhusiwa na Katiba mwaka 1913; kabla yake ushuru wa pombe ulikuwa nguzo kuu ya mapato ya serikali ya shirikisho, na hakuna serikali inayomuua ng'ombe inayemkamua. La pili ni vita vya 1917, vilivyofanya nafaka iwe hazina ya taifa na majina ya Kijerumani ya viwanda vikubwa vya bia, kama Pabst, Schlitz na Anheuser-Busch, yaonekane kama majina ya adui. Bunge lilipitisha marekebisho Desemba 1917, majimbo yakayaridhia kufikia Januari 1919, na Oktoba mwaka huohuo ikapitishwa Sheria ya Volstead juu ya kura ya turufu ya Rais Woodrow Wilson. Sheria hiyo ilihesabu kuwa kileo kila kinywaji chenye zaidi ya asilimia 0.5 ya kilevi. Wengi waliounga mkono marufuku walidhani inalenga pombe kali tu. Walishtuka kuona bia nyepesi na divai ya mezani navyo vimefagiwa.

Mafanikio yasiyopaswa kufichwa

Tuanze na ini, kwa sababu ini halina itikadi. Kati ya wanaume wa Marekani, vifo vya ugonjwa wa kunyauka kwa ini vilikuwa 29.5 kwa kila watu 100,000 mwaka 1911. Mwaka 1929 vilikuwa 10.7. Wagonjwa wapya waliolazwa katika hospitali za majimbo kwa wazimu wa pombe walipungua kutoka 10.1 kwa kila watu 100,000 mwaka 1919 hadi 4.7 mwaka 1928. Wachumi waliojaribu kupima unywaji kwa kufuata nyayo za vifo na magonjwa wanakadiria kwamba mwanzoni mwa marufuku unywaji ulishuka hadi karibu asilimia 30 ya ule wa awali, kisha ukapanda polepole na kufika asilimia 60 hadi 70 miaka ya mwisho. Mtu anaweza kusema kwamba sheria iliyoshindwa kuzuia theluthi mbili ya unywaji imeshindwa. Lakini theluthi iliyozuiwa ina maana ya maelfu ya akina baba waliofikisha mshahara nyumbani, na mwandishi mwaminifu hawezi kuifuta kwa sababu tu haimpendezi.

Uaminifu huohuo unadai tuseme kwamba si punguzo lote lilikuwa kazi ya Marekebisho ya 18. Sehemu yake ilianza kabla ya 1920, wakati wa sheria za majimbo na mbano wa vita. Zaidi ya hapo, tuulize ni kitu gani hasa kilichomfanya mtu apunguze kunywa. Mwanauchumi Clark Warburton, katika kitabu chake cha mwaka 1932 kuhusu matokeo ya kiuchumi ya marufuku, alionyesha kuwa unywaji ulipungua zaidi kwa tabaka la wafanyakazi, na sababu haikuwa kuongoka wala kuogopa polisi. Ilikuwa bei. Bia, kinywaji cha mtu wa kiwandani, ilipanda bei mara kadhaa, na baa iliyokuwa kila pembe ya mtaa ikatoweka. Pombe ikawa ghali na ya kutafutwa. Kwa hiyo mafanikio ya marufuku yana baba wawili, nao ni bei kubwa na upatikanaji mdogo, na serikali inaweza kuvileta vyote viwili kwa ushuru na leseni bila kugusa Katiba.

Gharama iliyolipwa na nchi

Upande wa pili wa mizani ni mzito. Biashara iliyokuwa ikifanywa na makampuni yenye anwani, vitabu vya hesabu na mawakili ilihamia mikononi mwa watu wasioweza kwenda mahakamani. Mfanyabiashara halali akidhulumiwa hufungua kesi. Muuza magendo akidhulumiwa hutoa bastola. Chicago ya Al Capone, jambazi aliyetawala magendo ya pombe, haikuwa ajabu ya mji mmoja bali zao la mfumo huo, na mauaji ya watu 7 katika gereji moja tarehe 14 Februari 1929 yalikuwa njia ya wahusika kumaliza ugomvi wa soko. Inatosha kukumbuka kwamba Capone mwenyewe alipotiwa hatiani mwaka 1931, alifungwa kwa kukwepa kodi. Sheria ya pombe yenyewe haikuweza kumfikia.

Kisha kinywaji chenyewe kikageuka. Bia huchukua nafasi kubwa na huonekana. Chupa ya wiski hufichika, na faida yake kwa kila safari ya hatari ni kubwa zaidi. Mantiki ya magendo ikaisukuma nchi kuelekea pombe kali. Baya zaidi lilikuwa sumu. Spiriti ya viwandani ilikuwa halali, na ili isinyweke serikali iliamuru ichanganywe na kemikali, ikiwemo methanoli. Wauza magendo walipoiba spiriti hiyo na kujaribu kuisafisha, serikali ilijibu miaka ya 1926 na 1927 kwa kuongeza sumu. Daktari Charles Norris, mchunguzi mkuu wa vifo wa jiji la New York, alipaza sauti kwamba serikali ilijua watu wangeinywa na bado ikaiweka, na kwamba waliokufa walikuwa maskini wasioweza kununua kinywaji salama. Mwaka 1930 dawa ya tangawizi iitwayo Jamaica Ginger, iliyonyweka kwa sababu ya kilevi chake, ilichanganywa na kemikali ya viwandani na kuwapoozesha miguu maelfu kwa maelfu ya watu, wengi wao mafukara.

Neno hilo, mafukara, lina uzito hapa, kwa sababu marufuku haikuwa moja kwa wote. Sheria haikukataza kunywa wala kuhifadhi nyumbani kilichonunuliwa kabla ya 1920, hivyo matajiri walijaza stoo zao mapema. Aliyekuwa na daktari wake alipata wiski kwa cheti cha matibabu. Mhamiaji wa Kiitaliano, mfanyakazi wa Kipolandi na Mmarekani Mweusi ndio waliovunjiwa milango, na katika baadhi ya maeneo Ku Klux Klan waliitumia sheria hiyo kama kisingizio cha kuwavamia wahamiaji na Wakatoliki. Hata haki za wasiokunywa ziliguswa. Mwaka 1925, katika kesi ya Carroll, Mahakama ya Juu iliruhusu polisi kupekua gari bila hati wakiwa na sababu ya kushuku. Mwaka 1928, katika kesi ya Olmstead, iliruhusu ushahidi uliopatikana kwa kusikiliza simu za watu kwa siri. Sheria ni msumeno, wahenga walisema, hukata mbele na nyuma. Huu ulikata mbele kidogo na nyuma sana.

Aliyepiga marufuku hana tena wa kumwamuru

Yote hayo yana mzizi mmoja. Pombe ilipokuwa halali, serikali ilikuwa na rungu: ingeweza kumwambia mwenye baa afunge saa fulani, asimuuzie mtoto, asiweke duka karibu na shule, asizidishe nguvu ya kinywaji, alete chupa ipimwe, alipe ushuru. Aliyekaidi angenyang'anywa leseni, na kwa kuwa leseni ilikuwa riziki yake, aliiogopa serikali. Siku marufuku ilipoanza, rungu hilo lilianguka. Muuza magendo hana leseni ya kunyang'anywa. Haulizi umri wa mnunuzi, hana saa ya kufunga, na hakuna mkaguzi anayepima anachokiuza. Serikali ilibaki na adhabu moja tu, jela, na adhabu hiyo ilimfikia mmoja kati ya wengi. Kwa maneno mengine, marufuku ilipunguza idadi ya wanywaji huku ikiondoa kila kinga iliyokuwa ikimlinda aliyeendelea kunywa. Uchumi ulipoporomoka baada ya 1929 na robo ya nguvukazi ikakosa ajira kufikia 1933, hasara nyingine ikawa wazi: fedha ambazo zingeingia hazina zilikuwa zinajenga majumba ya majambazi na kulipa hongo za polisi.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni kwamba tatizo lilikuwa utekelezaji. Lina uzito. Mwanzoni nchi yenye watu zaidi ya milioni 105, mpaka mrefu na Kanada na pwani mbili ndefu ilipewa mawakala wa shirikisho takriban 1,500 tu, na Bunge lilikuwa bahili kwa miaka mingi. Lakini ukali ulijaribiwa. Mwaka 1929 adhabu ziliongezwa hadi kifungo cha miaka 5 na faini ya dola 10,000 kwa kosa la kwanza, na wakati huohuo Rais Herbert Hoover aliunda Tume ya Wickersham kuchunguza hali. Ripoti yake ya Januari 1931 ilieleza kwa kina jinsi utekelezaji ulivyoparaganyika, ingawa tume ilipendekeza marufuku isifutwe. Ubahili wa Bunge wenyewe unasema jambo. Wapiga kura waliitaka marufuku, lakini hawakutaka kulipia dola kubwa ya kipolisi ambayo ingehitajika kuwafuatilia mamilioni ya majirani zao. Sheria inayohitaji nguvu ambazo jamii haiko tayari kuzigharamia haiwezi kujitetea kwa kusema kwamba haikupewa nguvu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa wataalamu wa afya: ikiwa vifo vya ini vilishuka hivyo, je, maisha yaliyookolewa hayazidi yaliyopotea kwa risasi na sumu? Huenda yanazidi. Ndiyo maana swali la haki si kuilinganisha marufuku na kutofanya lolote, bali kuilinganisha na udhibiti mkali. Hapa historia imetupa ushahidi wa wakati uleule. Uingereza haikupiga marufuku. Mwaka 1915, katikati ya vita, iliunda Bodi Kuu ya Udhibiti wa Pombe, ikapunguza saa za baa, ikapandisha ushuru na kupunguza nguvu ya bia. Watu waliotiwa hatiani kwa ulevi Uingereza na Wales walishuka kutoka karibu 189,000 mwaka 1913 hadi karibu 29,000 mwaka 1918. Mtu atasema vijana walikuwa vitani. Ni kweli, lakini idadi ya wanawake waliohukumiwa, ambao hawakupelekwa mstari wa mbele, nayo ilishuka mno. Denmark nayo mwaka 1917 iliipandishia kodi pombe kali kiasi kwamba bei ya chupa iliongezeka zaidi ya mara kumi, na vifo vya ulevi vikaporomoka. Nchi hizo mbili zilipata kile Marekani ilichokitafuta, na hazikumzaa Capone.

Marekani yenyewe iliijua njia hiyo ilipofuta marufuku. Marekebisho ya 21 hayakurudisha baa huria za zamani. Yaliyaachia majimbo mamlaka ya kuamua. Mississippi lilibaki na marufuku hadi 1966, baadhi ya majimbo yaliufanya uuzaji wa pombe kali kuwa kazi ya serikali, na mengi yaliweka leseni, saa na umri. Matokeo yake, unywaji haukufumuka kama wapinga pombe walivyoogopa; ulichukua miongo kadhaa, hadi miaka ya 1970, kurudi katika kiwango cha kabla ya marufuku.

Pingamizi la tatu linatoka katika imani, na kwa wasomaji wa pwani na visiwani ni la karibu zaidi. Zipo nchi za Kiislamu ambako pombe ni haramu na jamii kwa jumla imeridhia. Hilo haliivunji hoja, linaifafanua. Katazo linalokaa moyoni mwa muumini hujitekeleza lenyewe, mchana na usiku, bila askari. Nguvu yake haitoki kwa hakimu. Pale dola inapotegemea askari kwa wale ambao moyo wao haujaridhia, mambo ya Chicago hujirudia. Iran, ambako pombe imepigwa marufuku tangu mapinduzi ya 1979, ilipoteza mamia ya watu mapema mwaka 2020 kwa kunywa methanoli wakati wa hofu ya Uviko-19. Dini ina haki yote ya kuwakataza waumini wake. Serikali ina wajibu wa ziada wa kumlinda hata yule aliyeasi.

Kwetu

Afrika Mashariki imeonja dawa hii kwa namna zake. Wakati wa ukoloni Waafrika wa Kenya, Uganda na Tanganyika walikatazwa pombe kali za viwandani huku Wazungu wakizinywa klabuni, na kutoka katika ubaguzi huo unywaji wa siri ukapata mizizi. Kenya iliipiga marufuku chang'aa, pombe kali ya kienyeji, kwa sheria ya mwaka 1980, na kwa miaka 30 kinywaji hicho kiliendelea kupikwa mabondeni na mitaani, kikiongezewa chochote cha kukizidisha ukali. Novemba 2000 methanoli iliua zaidi ya watu 100 katika mitaa ya mabanda ya Nairobi. Ndipo sheria ya mwaka 2010, inayojulikana kwa jina la mbunge John Mututho, ikahalalisha chang'aa iliyofungashwa na kukaguliwa, ikaweka maonyo kwenye chupa, na kuruhusu baa kufunguliwa kuanzia saa kumi na moja jioni tu siku za kazi. Watu waliitarajia imalize maafa, lakini Mei 2014 makumi ya Wakenya walikufa tena kwa pombe yenye methanoli. Hili ndilo pingamizi kali zaidi dhidi ya makala haya, na jibu lake ni kwamba kuhalalisha kwa karatasi si kudhibiti. Mpishi wa chang'aa hakuwezeshwa kufikia masharti ya leseni, kwa hiyo alibaki gizani kama zamani, na mkaguzi aliyepaswa kupima chupa hakuonekana au alionekana kuja kuchukua chake. Sheria iliandika rungu, ila hakuna aliyelishika.

Tanzania inatupa mfano unaofundisha kwa upande mwingine. Tangu tarehe 1 Machi 2017 pombe kali katika viroba ilipigwa marufuku, na Uganda ikafuata njia hiyo mwaka 2019. Wengine huita hiyo marufuku ya pombe, lakini haikuwa. Ilikuwa amri juu ya kifungashio na, kupitia kifungashio, juu ya bei na upatikanaji: pakiti ndogo ya bei ya chini iliyofichika mfukoni mwa mwanafunzi na dereva wa bodaboda iliondolewa, ilhali anayetaka kunywa aliachiwa chupa halali iliyolipiwa ushuru. Mnywaji hakusukumwa mikononi mwa mhalifu kwa kukosa mbadala. Hapo serikali ilitumia rungu lake badala ya kulitupa. Gongo, pombe kali ya kienyeji ya Tanzania, imebaki haramu, na kila msako unaoonyeshwa kwenye televisheni, mapipa yakimwagwa, hufuatwa na mapipa mengine, kwa sababu anayeinywa ni mtu ambaye bia ya kiwandani imempita bei.

Kwa hiyo, wabunge na madiwani wanaoulizwa na wananchi waliochoka na ulevi, na uchovu huo ni wa haki kabisa, wana kazi ngumu kuliko kupiga marufuku. Waweke kiwango cha chini cha bei ili kilevi kingi kisiuzwe kwa senti chache. Waheshimu idadi ya leseni na umbali kutoka shule badala ya kuzigawa kama karanga. Wamfungulie mpishi wa kienyeji njia ya kweli ya ushirika, vipimo na leseni anayoweza kuimudu, kisha wamwadhibu bila huruma atakayetia methanoli. Waipe ofisi ya viwango fedha za kutosha ili mkaguzi asiishi kwa hongo. Na kila hoja ya marufuku itakapoletwa, waiulize swali ambalo Marekani ililijibu kwa gharama ya miaka 14: siku ya pili baada ya sheria kupita, nani atakuwa anauza, na serikali itabaki na uwezo gani juu yake? Kama jibu ni kwamba atauza mhalifu na serikali haitabaki na uwezo wowote isipokuwa jela, hoja hiyo irudishwe kwa mwenyewe, hata kama nia yake ni njema kama ilivyokuwa nia ya Frances Willard.